Waligawana mada, hoja ikakosa mwenyewe: uchambuzi wa wasilisho moja la darasani Kisumu

Kisa hiki ni cha wanachuo watano wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu mjini Kisumu. Walipewa mada ya kuwasilisha mbele ya darasa, wakaivuruga, wakapewa nafasi nyingine, wakaifanya vizuri kiasi kwamba wenzao waliendelea kuijadili hadi bwaloni. Mara zote mbili nilikuwa nyuma ya darasa na karatasi ya alama mkononi, kwa kuwa kazi za makundi hapa husahihishwa na wakufunzi wawili. Wenyewe wameniruhusu niandike, ila majina tumeyaacha. Nitawaita kwa makwao: yule wa Port Victoria, wa Mumias, wa Webuye, wa Kitale, na wa Nyalenda, hapa hapa mjini. Msomaji anayeijua ramani ya magharibi mwa Kenya ameshaona katika orodha hiyo jambo ambalo wao liliwachukua muda kuliona.

Kazi ilikuwa ya somo la mawasiliano, kwa Kiswahili: dakika kumi za kuzungumza, tano za maswali, na kila mwanakundi lazima afungue kinywa. Mada waliyookota kwenye kikapu iliandikwa "Mafuriko ya Budalang'i". Hivyo tu, bila swali. Budalang'i ni eneo la tambarare katika kaunti ya Busia, kando ya Ziwa Victoria, na Port Victoria imo humo. Walikuwa na wiki mbili.

Mgawanyo

Jioni ile ile kundi la WhatsApp lilifunguliwa. Nimeonyeshwa mazungumzo yao. Ujumbe wa kwanza wa maana unasema "tugawane kazi". Wa pili umeshagawa. Yule wa Port Victoria achukue utangulizi na maana ya mafuriko. Wa Webuye, sababu. Wa Mumias, athari. Wa Kitale, suluhisho. Wa Nyalenda, aliyekuwa kiongozi, akajitwalia hitimisho, nadhani kwa kuwa ndilo fupi. Zikafuata dole gumba nne. Kuanzia hapo hadi mkesha wa siku yenyewe, kilichobaki ni kuulizana "mmefika wapi?" na kujibiwa "niko karibu kumaliza". Walikutana ana kwa ana usiku wa kuamkia wasilisho, kila mmoja na slaidi zake kwenye flashi, kila mmoja na rangi zake, wakaziunganisha zikawa slaidi 23.

Makundi mengi hugawana kazi hivi kwa sababu ni haki: kila mtu ana sehemu, na hakuna wa kunung'unika kwamba amebebeshwa. Lakini ni kama kugawana mbuzi. Kila mmoja ameondoka na kipande chake, vipimo viko sawa, na hakuna aliyebaki na mbuzi.

Tazama pia nani alipata nini. Yule wa Port Victoria ndiye pekee kati yao aliyewahi kulala na familia yake kwenye sakafu ya darasa kwa sababu nyumba yao imo majini. Mei 2020 mto Nzoia ulipoivunja daiki, yaani yale matuta marefu ya udongo yaliyojengwa kuuzuia usimwagike tambarareni, yeye alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi na alihama na mama yake wakiwa wamebeba magodoro kichwani. Mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kufungua kamusi na kusoma maana ya neno mafuriko. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Alipoulizwa baadaye kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba alidhani mambo ya nyumbani hayana alama.

Jumanne, saa nane mchana

Saa nane ni saa ngumu Kisumu. Joto limepanda kutoka ziwani, watu wametoka kula ugali, na feni ya darasa hilo huzunguka kwa hiari yake. Kompyuta ilikataa kuitambua projekta. Adapta ikatafutwa, kijana akatumwa bwenini, darasa likaanza kupiga soga. Sitalikalia jambo hilo, maana kila mtu amewahi kuliona. Nitasema tu kwamba wale watano walisimama mbele muda huo wote wakiitazama mashine, wametupa mgongo, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kuanza bila slaidi. Hawakuweza. Maneno yao yote yalikuwa ndani ya flashi.

Walipoanza, aliyefungua alisema: "Mkufunzi wetu mpendwa, wanachuo wenzangu, itifaki ikizingatiwa, hamjambo? Kwa majina naitwa…" Ni adabu nzuri, na sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba wa pili naye aliamkia, akajitaja, akasema ana furaha kusimama mbele yetu, akatangaza atakachozungumzia, na alipomaliza akamkaribisha mwenzake ambaye naye akauliza "hamjambo tena?" Nilizijumlisha salamu, shukrani na makaribisho yote: yalikula karibu dakika mbili kati ya kumi.

Yule wa Port Victoria alisoma maana ya mafuriko kutoka ukutani. Wa Webuye akaleta slaidi ya sababu, ziko tisa: mvua kubwa, ukataji wa miti, kilimo cha miteremko, mchanga kujaa mtoni, daiki dhaifu, kupanda kwa ziwa, mabadiliko ya tabianchi, makazi kwenye tambarare ya mto, na ukosefu wa mipango. Zote za kweli. Alizisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ile ile, uso kwa ukuta, na alipofika ya tisa hakuna aliyejua ipi kati yake ndiyo huondoa watu nyumbani na ipi imewekwa kujaza nafasi.

Wa Mumias alionyesha picha. Moja ilikuwa nzuri sana, mashua katikati ya mapaa ya nyumba. Nilimwona yule wa Port Victoria akiitazama huku amekunja uso. Baadaye alisema zile nyumba si za kwao, wala mashua zile hajawahi kuziona Budalang'i. Picha ilikuwa imeokotwa mtandaoni, ya nchi nyingine kabisa. Aliyeweza kuikataa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ukuta, na picha hakuwa ameonyeshwa kabla.

Suluhisho lilifika dakika ya kumi na moja. Kila sentensi yake ilianza na serikali: serikali ijenge, serikali ihamasishe, serikali iwahamishe. Mwenzangu aliinua mkono kuonyesha muda umekwisha. Yule wa Kitale akaanza kusema kwa mbio, jambo ambalo halijawahi kuokoa wasilisho lolote. Kiongozi akasimama, akasema "kwa hayo machache", akaonyesha slaidi yenye maua na neno ASANTENI.

Mwenzangu hakuuliza habari za daiki wala za miti. Alisema, "Kila mmoja wenu aniambie kwa sentensi moja: kundi lenu lilikuwa linatuambia nini?"

Wa Webuye akasema mafuriko yana sababu nyingi. Wa Mumias akasema mafuriko yana madhara makubwa. Wa Kitale akasema serikali iamke. Kiongozi akasema, "Yale yote, Mwalimu." Ikabaki zamu ya yule wa Port Victoria. Akasema, "Mwalimu, kwetu mafuriko huja jua likiwaka. Mvua hainyeshi kwetu, inanyesha kwao," akamnyooshea kidole yule wa Kitale.

Darasa likacheka, kisha likaamka. Mkono wa kwanza ukainuka nyuma kabisa: inawezekanaje? Wa pili ukainuka kabla wa kwanza hajajibiwa. Katika dakika zote zilizotangulia hakuna aliyekuwa ameandika neno daftarini. Sasa niliona kalamu zikitafutwa.

Tuliyoambizana ofisini

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa na wakufunzi wenzangu yalikuwa woga. Watoto hawa wanaogopa kusimama mbele za watu, wasaidiwe wapate ujasiri. Sikukubali. Yule wa Webuye aliniambia alitetemeka magoti tangu mwanzo hadi mwisho, akaamini darasa zima limemwona. Niliwauliza baadhi ya wenzake waliokaa mbele: hakuna aliyeona magoti. Waliona mgongo. Hili si jipya. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 majaribio yaliyoonyesha kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana zaidi kuliko wasikilizaji wanavyouona, na kwamba waliofahamishwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Nilimweleza hivyo, akacheka, na nadhani lilimsaidia. Lakini mtu jasiri kabisa angesimama na ile orodha ya sababu tisa, bado tungelala.

Maelezo ya pili yalikuwa slaidi: nyingi, zimejaa, herufi ndogo. Hapo kuna kitu. Mtu anaposoma kwa sauti maneno yale yale tunayoyaona ukutani, macho yetu humaliza kabla ya mdomo wake, na katikati hapo akili huenda sokoni. Ila orodha ina ubaya mwingine ambao hausemwi sana. Orodha hufanya mambo yasiyolingana yaonekane yanalingana. Chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika tarehe 1 Februari 2003 na kuua watu wote saba waliokuwemo, bodi iliyochunguza ajali iliitazama hata slaidi waliyoonyeshwa wakubwa wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wakati chombo kingali angani. Habari iliyopaswa kuwashtua, kwamba kipande cha povu kilichogonga bawa kilikuwa kikubwa mno kuliko vyote vilivyowahi kujaribiwa, ilikuwa chini kabisa ya slaidi, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa cha habari chenye kutuliza. Bodi ikaandika kwamba kutumia slaidi mahali pa ripoti za kitaalamu ni dalili ya mawasiliano mabovu. Ya Columbia yalikuwa ya uhai na kifo, haya yetu ni ya alama ishirini. Lakini "ukosefu wa mipango" kukaa mstari mmoja na "mvua kubwa" ni ugonjwa ule ule.

Hata hivyo, slaidi mbaya zilitokana na mgawanyo. Mtu aliyepewa "sababu" afanye nini isipokuwa kukusanya sababu? Hana ruhusa ya kuzipima, kwa sababu kipimo ni hoja ya kundi, na kundi halikuwa na hoja. Wa "athari" hawezi kujua athari ipi inafuata kutoka sababu ipi. Wa "suluhisho" analazimika kuiangukia serikali, maana hajui tatizo lenyewe liko wapi mtoni. Vichwa vile vinne tulivyovikariri tangu darasa la sita, maana, sababu, athari, suluhisho, vinafaa kujibu swali la mtihani. Mbele ya watu vinakaa kama rafu tupu.

Sentensi ya kwanza kuandikwa

Makundi kadhaa yalikuwa yameanguka wiki ile, hivyo mwenzangu akatangaza marudio. Sharti lake lilikuwa moja: kabla ya kugusa kompyuta, kila kundi limletee sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, na sentensi hiyo lazima iwe kitu ambacho mtu mwenye akili anaweza kukibishia.

Sharti hilo la kubishiwa ndilo lililofanya kazi. "Mafuriko yana madhara makubwa" haibishiwi na yeyote, kwa hiyo haisemi kitu. Kundi letu lilirudi mara mbili na sentensi za namna hiyo. Mara ya tatu walileta: "Budalang'i hufurika kwa mvua ambayo haikunyesha Budalang'i, kwa hiyo kuinua daiki peke yake hakutoshi." Nusu ya kwanza ni ya yule wa Port Victoria. Nusu ya pili waliigombania jioni nzima, na yule wa Kitale, ambaye kwao wanalima mahindi hadi ukingoni mwa kijito, hakuipenda hata kidogo. Nilifurahi kusikia hakuipenda.

Sentensi ilipokuwa mezani, walianza kufukuza vitu, na hii ndiyo sehemu ya kazi iliyonivutia kuliko zote. Maana ya mafuriko ikatoka: darasa zima linajua mafuriko ni nini. Mabadiliko ya tabianchi yakatoka, si kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa ndani ya dakika kumi yangetajwa tu na kuachwa. Yule wa Webuye alikuwa amesoma kwa bidii habari za mvua za uhuru za mwaka 1961 na El Niño ya 1997 na 1998, akataka ziingie kwa nguvu. Wenzake wakamuuliza, zinasaidia sentensi vipi? Akakosa jibu, akakasirika, akazitoa. Kupanda kwa ziwa kulibaki, kwa sababu kunahusika moja kwa moja: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifika kwenye kiwango cha rekodi ya 1964, na ziwa likijaa, mto hauna pa kumwagia haraka, maji hujirundika nyuma, tambarareni.

Ndipo mtu akaiona ramani. Nzoia unatoka vilima vya Cherang'any na Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia, unaporomoka karibu na Webuye, unapita Mumias, unaingia ziwani karibu na Port Victoria. Wanne kati ya watano hawa walikulia kandokando ya mto mmoja, na kundi lilikuwa limewagawia maana, sababu, athari na suluhisho.

Mgawanyo mpya ukafuata mto. Yule wa Port Victoria afungue kwa jambo lile la jua kuwaka. Wa Kitale aeleze mvua inavyonyesha juu, kwenye vilima vyenye vilele vinavyopita mita 3,000, na kinachotokea msitu ukigeuka shamba. Wa Webuye aeleze mteremko. Wa Mumias aeleze mto unavyopungua kasi na kubwaga udongo. Wa Nyalenda, ambaye hana mto ila ana ziwa mlangoni, aeleze ziwa. Kisha wa Port Victoria afunge na daiki. Takwimu walizobaki nazo ni tatu tu: urefu wa mto, unaopita kilomita 250; ile mita 3,000 za juu; na mita 1,134 hivi za uso wa ziwa. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ndiyo mteremko wote ambao maji yanao, na sehemu kubwa yake inakwisha kabla ya kufika tambarareni. Mtu hahitaji takwimu ya nne kuelewa kwa nini maji yakifika Budalang'i hayana haraka ya kuondoka.

Nitaongeza kwamba kila mtu alitakiwa aweze kusema sehemu ya mwenzake. Mwenzangu aliwatisha kwamba siku yenyewe huenda akabadilisha zamu. Hakufanya hivyo, lakini tisho liliwalazimisha kusikilizana.

Karatasi ya manila

Waliikataa projekta. Si kwa falsafa; walikuwa wamechoka na adapta. Walinunua karatasi mbili za manila na kalamu nene za felti, wakaziunganisha kwa gundi, wakachora mto mmoja mkubwa wa buluu kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na majina matano. Mlima Elgon ulifanana na kichuguu. Lakini mtu wa safu ya mwisho aliuona, na ramani ilikaa ukutani tangu neno la kwanza hadi swali la mwisho, wakati slaidi ingekuwa imepita.

Mimi napenda uamuzi huo kwa sababu nyingine. Hawa ni walimu watarajiwa. Wengi watapangiwa shule ambazo stima hupotea mvua ikitishia tu, na nyingine projekta haijafika kabisa. Mwalimu anayeweza kueleza kwa chaki na manila anaweza kueleza popote. Anayeweza kwa slaidi peke yake anaomba Mungu na kampuni ya umeme. Anayetaka slaidi atumie, na ziko mada ambazo haziendi bila hizo. Ila basi ziwe chache, picha moja au sentensi moja kila mahali, herufi za ukubwa wa 28 kwenda juu, na mtu wa kundi akae nyuma ya darasa kabla ya siku yenyewe athibitishe kwamba zinasomeka.

Kufanya mazoezi kwa sauti

Mara ya kwanza walikuwa "wamefanya mazoezi" kwa maana ya kusoma kimya kitandani. Safari hii walitafuta darasa tupu jioni, wakasimama, wakasema kwa sauti ya kumfikia mtu wa mlangoni, simu ikipima muda. Kwanza walijipima kasi: wakizungumza Kiswahili bila kukimbia walitoa maneno 110 hivi kwa dakika. Dakika kumi, basi, ni maneno 1,100. Waliyokuwa wameandika yalipita 2,000. Hakuna ushauri wowote kuhusu muda ungewaambia ukweli huo kwa haraka kiasi hicho. Wakakata tena, na safari hii hakuna aliyekasirika, maana simu haina upendeleo.

Hawakukariri. Waliandika kikamilifu sentensi ya kufungua, sentensi za kupokezana, na sentensi ya kufunga. Vingine vyote vilikuwa maneno machache kwenye kadi iliyokatwa kutoka jalada la daftari. Anayekariri akisahau neno moja hupoteza ukurasa mzima. Anayejua hoja yake akisahau neno hutafuta jingine. Kupokezana kulichukua muda mrefu wa mazoezi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu walitaka kuondoa yale makaribisho yote. Wa Kitale alimaliza kwa kusema maji yameondoka shambani mwao na udongo wao. Wa Webuye akadaka hapo hapo, "Na mimi ndiye ninayeyaona yakiporomoka," bila kuamkia mtu.

Halafu walimtafuta msikilizaji wa nje: kijana wa Hisabati kutoka Nakuru ambaye hajawahi kukanyaga Busia. Walipomaliza hawakumuuliza kama wasilisho ni zuri, maana rafiki husema ni zuri. Walimuuliza, "Tumesema nini?" Akajibu kwamba mafuriko yanasababishwa na watu wa Kitale kukata miti. Ikawa kazi nyingine. Sehemu ya juu ilikuwa imepewa uzito kupita kiasi hadi mtu mmoja akawa mkosaji. Waliirekebisha, na yule wa Kitale mwenyewe akaongeza jambo ambalo hakuna mwingine angelisema: kwamba mkulima wa juu haoni mafuriko, haoni hata picha yake, anachoona ni shamba linalopungua udongo kila msimu, na hiyo ndiyo lugha atakayoisikia akiambiwa aache nyasi na miti ukingoni.

Mambo ya macho, mikono na kusimama wima sina mengi. Walielekeza nyuso kwa watu kwa sababu ukutani hakukuwa na maneno ya kusoma. Wa Mumias bado alichezea kifuniko cha kalamu.

Mara ya pili

Yule wa Port Victoria alisimama, akaamkia mara moja kwa niaba ya wote, akasema: "Siku tuliyohama nyumbani kwetu hakukuwa na wingu. Shangazi alikuwa amepiga simu kutoka upande wa Mumias kwamba mto umebadilika rangi, na mama akaanza kufunga magodoro." Kisha akaligeukia karatasi la manila na kuweka kidole kwenye kona ya juu kabisa. Hapo darasa lilikuwa lao.

Haikuwa safi yote. Wa Webuye alirudia jambo moja mara tatu. Ziwa lilielezwa kwa haraka mno, na nina shaka kama nusu ya darasa ilielewa kwa nini ziwa lililojaa linauzuia mto. Walipita muda kwa zaidi ya dakika moja, na alama zikakatwa kama inavyopasa.

Maswali ndiyo yaliyoonyesha tofauti. Kijana mmoja aliuliza lile swali ambalo kila mtu wa mbali huliuliza: kwa nini wasihame tu? Walikuwa wamelitarajia. Yule wa Port Victoria alieleza kwamba udongo ule ule unaoletwa na mto ndio unaowalisha, kwamba kuna samaki, kuna makaburi ya wazee, na kwamba anayehama anahitaji shamba pa kwenda, nalo halitolewi bure popote. Hakusema kwa hasira, ingawa nadhani alikuwa na haki nayo. Mwingine akauliza kwa nini daiki isiinuliwe zaidi. Wa Mumias akajibu kwamba mto ukibwaga udongo, kitanda chake kinapanda pia, kwa hiyo ukuta unaopandishwa unashika maji yaliyo juu zaidi ya nyumba za watu, na siku ukivunjika maji yanashuka kwa nguvu zaidi. Alijibu akionyesha kwa mkono kwenye manila, bila kadi. Swali la tatu lilihusu gharama ya kujenga bwawa kubwa juu ya mto. Kiongozi akasema, "Hilo hatukulisoma," akaishia hapo. Wengi wangetunga. Nilimpa alama kamili ya maswali kwa jibu hilo.

Ofisini mwenzangu mmoja, si yule niliyesahihisha naye, alilalamika kwamba kundi halikuwa na sehemu ya suluhisho. Nilimwambia suluhisho lilikuwemo katika kila kituo cha mto: nyasi na miti ukingoni juu, udongo uzuiwe kabla ya kushuka, simu ya shangazi igeuzwe kuwa tahadhari ya watu wote. Alitaka slaidi yenye kichwa hicho. Hatukuafikiana, na mjadala wenyewe ulikuwa mzuri.

Lililobaki ni la alama. Karatasi yetu ya kusahihishia ina mstari unaoitwa "matumizi ya teknolojia", alama mbili. Manila haikuhesabiwa, wakapata sufuri hapo, huku makundi yaliyosoma ukuta yakipata mbili kamili. Yule wa Webuye alikuja kuuliza: wangeipiga picha ile manila kwa simu na kuionyesha kwa projekta, wangezipata? Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa karatasi ilivyoandikwa, wangezipata. Nimeandikia idara kuomba mstari huo ubadilishwe usomeke "matumizi ya vielelezo". Ombi liko kwenye ajenda ya mkutano wa muhula ujao, kati ya uchakavu wa viti na zamu za maktaba.